Sauti Uliyoniaga Nayo

Mwalimu Anatoli,

Shikamoo. Ulipokuwa hai sikuwahi kujua ni nani ataniitikia. Siku moja aliitikia padri wa kizungu mwenye Kiswahili cha puani, siku nyingine bibi muuza tumbaku, siku nyingine mwenyekiti wa kijiji aliyekula akashiba. Wewe mwenyewe hukuwahi kuitikia. Jambo hilo limenikaa kooni tangu tulipokuzika hapa Nyamiaga, na leo nakuandikia kwa sababu nimepata jibu lake.

Ni mimi, Afande. Jina hilo ulinipachika wiki ile ile niliyojiunga na kikundi chako cha maigizo, kwa sababu sipokei kitu bila kukinusa kwanza. Mtu akinisifia kitenge namwuliza anataka nini. Mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja uso. Basi usitegemee barua ya kukulilia tu. Kulia nimelia, lakini kuna mambo yako ambayo hayakuniingia akilini, na nilikuwa nayapanga moja moja kichwani huku wenzangu wakikupigia makofi.

Nianze na mazishi, maana hukuyaona. Au uliyaona, hata hilo sikuwa na hakika nalo.

Unakumbuka ule mchezo wa kipindupindu tuliokuwa tunauonyesha kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco. Ulikuwa unavingirishwa kwenye mkeka, wanaume wanne wanakubeba, mwenzetu Gervasi anakulilia kama mjane, halafu katikati ya safari ya makaburini unaketi na kuuliza sabuni iko wapi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, hata wale waliokuwa wametoka kuzika kweli. Ulikufa na kufufuka kambi nzima, kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Sasa siku yako ilipofika, wanaume walipoinua jeneza kutoka nyumbani kwa mama yangu, nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Ngoja, sasa hivi ataomba sabuni." Watu wakacheka, kicheko kidogo cha kuonea haya, halafu wote wakakaa kimya wakingoja. Katekista akasimamisha wimbo. Nakwambia ukweli, Mwalimu, hata mimi nilingoja. Kule hospitalini nilishakuwekea kiganja puani mpaka nesi akanisogeza pembeni. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya mbao bado nilikuwa nimetega sikio. Hukugonga. Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kukuona ukikosa zamu yako.

Shaka yangu juu yako ilianza zamani, siku tuliyozuiliwa njiani. Gari la shirika la misaada lililokuwa linaturudisha kutoka Benaco liliharibika, tukashika njia kwa miguu na ngoma yetu kichwani. Pale njiapanda tukakuta sungusungu wamekaa na fimbo na mikuki. Miaka ile hakuna aliyemwamini mwenzake. Ilisemwa bunduki zimefukiwa migombani, ng'ombe walikuwa wanachukuliwa, na Mhangaza wa hapa kwetu na Mrundi ukiwasimamisha pamoja huwezi kuwatofautisha kwa sura wala kwa lugha. Kwa hiyo mtu alipimwa kwa kutaja ukoo: taja baba yako, taja babu yako, taja kilima chao. Sote tulijibu. Ikafika zamu yako.

"Wewe mtoto wa nani?"

Hukujibu. Nilikuwa karibu yako, nikakuona. Midomo ilitetemeka, taya likasogea, mshipa wa shingo ukasimama, na neno halikutoka. Mkubwa wao akainuka na fimbo yake. Ghafla ikatoka kinywani mwako sauti ya mwenyekiti wetu wa kijiji, na kikohozi chake cha kushiba: "Nani kawapa ruhusa ya kukaa barabarani bila mimi kupewa taarifa?" Wale wanaume waliangua kicheko, mmoja akakutambua, wakatupa na ndizi za kuchoma za kula njiani. Gervasi aliisimulia habari hiyo kila mahali kama ushujaa. Mimi sikucheka. Nilijiuliza mtu mzima anashindwaje kutaja jina la baba yake huku fimbo imeinuliwa juu ya kichwa chake.

Kuanzia hapo nikawa nakuchunguza. Kirundi cha wakimbizi wa Lukole ulikisema kama mtu aliyekinyonya. Ulisema kwenu ni Biharamulo, lakini hukuwahi kwenda kuzika kwenu, wala kula sikukuu kwenu, wala kupokea mgeni kutoka kwenu. Nilipokuuliza kijiji gani, ulinijibu kwa sauti ya polisi: "Swali hilo litajibiwa na wakubwa." Nikajiambia moyoni kwamba wewe ni Mrundi, umetoka ng'ambo ya mto na unajificha kwetu bila karatasi. Sikumwambia mtu. Siku zile neno moja kwa sungusungu lingetosha, nami unajua mdomo wangu, lakini hilo nililimeza. Nilikushuku na nikakuficha, yote mawili kwa pamoja.

Nilikuficha kwa sababu sijaona tena mtu anayeweza kazi kama wewe. Michezo yako hukuiandika popote, uliitunga ukiwa unatembea, kisha ukatuchezea watu wote peke yako katika kile chumba chako cha kupanga, mume na mke na mbuzi wao, sisi tukachukua kila mtu kipande chake. Na mtihani wako ulikuwa wa ajabu: kabla ya kupanda jukwaani mtu lazima apelekwe sokoni akiwa katika nafasi yake, akitambuliwa arudi kuanza upya. Mimi ulinituma nikiwa bibi muuza tumbaku, ukanielekeza kwa mama yangu mzazi. Mama akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza habari za binti yake mkaidi, akanishitakia mambo yangu yote pale pale. Niliporudi nikiwa nacheka peke yangu, wewe ulinirushia karanga moja, ukageuka. Hiyo karanga ndiyo ilikuwa sifa yangu kwa miaka yote. Kwa mdomo hukuwahi kunisifu, wala sikuwahi kukusikia ukimsifu mtu.

Halafu kulikuwa na mchezo wa Mzee Petro. Najua uliupenda kuliko yote, ingawa hukusema. Mzee Petro kakatiwa na wakimbizi miti yake yote kwa kuni, na mwishoni anamshuku msichana mkimbizi anayelala migombani kwake kwamba kamwibia kuku. Anamfukuza, anamtukana, na kwa kuwa ana kigugumizi kila tusi linamkwama, watu hawana mbavu. Baadaye anamkuta kuku analalia mayai chini ya majani makavu ya mgomba, naye inabidi amwombe msichana radhi. Hapo kigugumizi ni kile kile, lakini hakuna anayecheka tena. Mimi nilikuwa yule msichana. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yako, naona jasho linavyokutiririka, hata asubuhi zile za ukungu wa Ngara watu wakiwa wamejifunika mablanketi. Na huo ndio mchezo pekee ambao hukukubali tuufanyie mazoezi. Ulisema tutaufanya mbele ya watu tu. Gervasi alisema ni maringo. Mimi nikaliweka na yale mengine.

Sasa ile siku ya hospitali. Lazima niiseme, maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nilikuletea uji. Kifua kilikuwa kimekubana, lakini ulikuwa umeshinda ukiwabariki manesi kwa sauti ya padri, na wodi nzima ilikuwa meno nje. Walipotoka ulinishika mkono. Ukahangaika na pumzi, taya likasogea, nikadhani unataka maji. Ukasema, "Spe... Spe... Sperata. U-unaweza. Ki-kikundi ni chako." Ilikuwa sauti ya Mzee Petro. Ile ile, na mshipa wa shingo umesimama vile vile.

Miaka yote nimekungoja useme neno hilo, unakuja kunipa kwa mdomo wa mtu wa mchezo! Nikafikiri, hata hapa unaigiza, hata sasa. Basi nikakujibu kama unavyojibiwa jukwaani, maneno ya yule msichana: "Nimekusikia, mzee. Ingia ndani, mvua inakuja." Nikatabasamu ili ujue kwamba nimeutambua mchezo wako. Hukutabasamu. Uliniangalia kwa muda, ukafumba macho, ukageukia ukutani. Asubuhi yake hukuwepo.

Ulitegemea nijibu nini? Ulinifundisha mwenyewe kutomwamini mtu anayelia mbele ya watazamaji.

Baada ya mazishi Gervasi akasema kikundi ni chake, maana uliwahi kumwambia anaweza. Nikamuuliza ulimwambia kwa sauti gani. Akacheka: sauti ya padri, na ishara ya msalaba juu. Nikaona basi, kumbe sifa zako umezigawa kama sabuni ya kambini, kila aliyepanga mstari kapata kipande. Nikaacha. Sikukichukua kikundi, na Gervasi hakukiweza. Sanduku lako la mavazi ya jukwaani likakaa kwa mama, panya wakalitafuna kona, na ngoma ikawa kiti cha wageni.

Mengine yaliyobadilika ni haya. Benaco haipo. Wanyarwanda walirudi kwao, barabara ikajaa watu na magodoro na vyungu, mwisho wake haukuonekana, na baadaye pakawa kimya mpaka masikio yakauma. Zimebaki visiki, mashimo ya vyoo, na vipande vya turubai la bluu kwenye miiba. Kile kichuguu cha udongo mwekundu tulichokifanya jukwaa, sasa mbuzi ndio wanasimama juu yake. Gervasi yupo na magari ya mizigo ya kwenda Mwanza, amenenepa. Lukole bado imejaa Warundi, nao wakawa wananiuliza kila nikipita sokoni kwao: yule mzee aliyepotelewa na kuku yuko wapi?

Ndipo akaja mwanamke.

Alishuka kwenye lori la mkaa na kapu lake, mtu mzima, amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda shamba. Akasimama mlangoni kwa mama, akasema, r na l zikipishana mdomoni mwake, "Natafuta kabuli la Anatori. Mimi dada yake." Tangazo la kifo chako tulilolipeleka redioni lilikuwa limemfikia kwa mdomo wa jirani, kwa kuchelewa sana. Mama alianza kulia naye pale pale. Mimi nilimkazia macho. Miaka yote huna ndugu, leo umekufa ndugu anatokea, na sanduku lipo uvunguni! Nikamkalisha, nikamhoji kama kawaida yangu. Nikamuuliza baba yenu aliitwa nani. Akajibu bila kupepesa: "Kasimili. Na babu yetu Lukonge. Kwa nini, mwanangu?" Akalitaja kirahisi namna ile, jina ambalo wewe ulikuwa tayari kupigwa usilitaje. Nikajua mmoja wenu ni mwongo. Nikamwandalia kitanda, nami nikalala na sanduku miguuni.

Nisikilize sasa. Kesho yake nilikuwa nimeahidi Lukole mchezo, baada ya kuwakatalia mara nyingi. Nilikubali kwa ajili ya kumalizia matanga yako, ili tukuage kwa kazi yako, kisha sanduku lifungwe moja kwa moja. Gervasi alikuwa safarini, hakuna mwanamume aliyetaka koti la Mzee Petro, nikalivaa mimi. Na dada yako nilikwenda naye, si kwa heshima, ila sikutaka abaki nyumbani na vitu vyako.

Tulitandika turubai, watu wakajaa mpaka juu ya miti iliyosalia. Nikatoka na fimbo yako. Sauti nilikuwa nayo, maana nilikuwa nimepiga magoti mbele yake mara nyingi kuliko mbele ya altare. Nikafungua mdomo, "Na-na-nani kamchukua ku-ku-kuku wangu?" wakaangua kicheko kama zamani.

Dada yako akainuka. Alikuwa ameketi mbele kabisa, akapanda juu ya turubai na viatu vyake, akanikamata kola ya koti.

"Nani kakuluhusu? Mtoto wa watu kafa, bado mnamcheka?"

Watu wakadhani ndiyo nyongeza ya mchezo, wakacheka zaidi, wengine wakapiga makofi. Nikamnong'oneza, "Mama, naigiza Mzee Petro."

"Petlo gani? Huyu Anatori! Hivi ndivyo alivyokuwa anasema kwetu!"

Alikuwa analia, Mwalimu, na hakuwa mwigizaji. Nimekaa na mwigizaji mkubwa kuliko wote, mimi najua. Kamasi zilimshuka asizifute. Nikaketi pale pale juu ya turubai nikiwa na koti la Mzee Petro, na yeye akaketi karibu yangu, na watu wakanyamaza wenyewe. Akanieleza kwa sauti ndogo, mbele ya watu wote wale wasiomsikia.

Kwamba ulizaliwa na kigugumizi. Kwamba kilikuwa kinakukamata zaidi kwenye majina ya watu, la baba yako likiwa baya kuliko yote, na shuleni mlipoitwa mahudhurio ulisimamishwa mpaka useme lako, na wenzako wakakutungia wimbo. Kwamba siku moja ulimjibu mwalimu kwa sauti ya katekista, na maneno yakatoka yote, safi, kama si wewe. Tangu siku hiyo ukawa kila mtu isipokuwa wewe. Nyumbani mama yenu alikataa, akakwambia ukiingia humu ndani sema kwa sauti niliyokuzaa nayo. Ukapunguza kwenda, halafu ukaacha.

Nikakumbuka njiapanda. Nikakumbuka kwamba hukuwahi kumwita mtu kwa jina lake. Mimi Afande, Gervasi Tajiri, mama yangu Mama Karanga, kikundi kizima ulikibatiza upya, nasi tukadhani ni utani. Na mazoezi uliyoyakataa, na jasho lile. Tulikupigia makofi kwa watu wote uliowaiga, na siku uliyosimama mbele yetu ukiwa wewe, ndani ya koti la Mzee Petro, ndiyo siku tuliyocheka kuliko zote.

Lakini unanijua. Sikuamini hapo hapo. Gervasi aliporudi nilimfuata mpaka kwenye lori, nikamuuliza siku ile ulipomwambia anaweza ulimwita nani. Akanishangaa. "Si Tajiri, kama siku zote?" Sikumuuliza zaidi. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia hadi akashuka kuniuliza kama nimegongwa.

Mimi uliniita Sperata. Ulilipigania jina langu kwa pumzi uliyokuwa nayo, na pumzi ilikuwa imebaki kidogo. Hukuniigizia mtu. Na mimi nikakujibu kwa maneno ya msichana wa mchezo, nikakutuma uingie ndani mvua inakuja! Linaniuma, Mwalimu. Laiti ungenirushia karanga nyuma ya kichwa.

Siku ile Lukole tuliumaliza mchezo. Dada yako hakurudi kuketi na watu, alibaki ukingoni mwa turubai, akinisahihisha kwa mkono: hapo hakukwama, hapo alikwama sana. Nilipofika kwenye radhi ya Mzee Petro nilimwangalia yeye. Warundi wakawa kimya kama zamani. Baadaye alinipa mkono, akaniambia sauti hiyo niitunze vizuri na nisiipeleke sokoni. Tulimpeleka kaburini, akakusemesha Kisubi, lugha ya kwenu Biharamulo, kwa muda mrefu, sisi tukakaa mbali. Sanduku nilimwambia achukue. Alichukua koti tu, lile lililochanika kwapa.

Nakuaga sasa, Mwalimu. Kikundi nimekipokea. Ngoma imetoka kuwa kiti, panya nimewafukuza, na kuna binti hapa jirani anayemwiga shemeji yangu mpaka natamani kumpiga, huyo nitampeleka sokoni. Nitamwita kila mtu kwa jina lake, taratibu, hata wakiniona mshamba. Kunusa vitu sitaacha, wala kushuku watu, ndivyo nilivyo. Ila lile neno lako la hospitali sitalinusa tena.

Na jibu lako hili hapa, bila ya yule msichana wa mchezo. Nimekusikia, Anatoli wa Kasimiri. Pumzika.

Ni mimi,
Sperata